Mzigo Unaolia

Dumu la maji lilipasuka saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, kwenye ukingo wa korongo ambalo wakati wa mvua hupita maji ya kutisha na mwezi wa Julai hubaki mchanga mtupu. Nilikuwa nateremka. Begi likanivuta nyuma, mguu ukateleza, nikaanguka chali juu yake. Nikasikia kitu kimepasuka, kisha ubaridi ukashuka hadi kwenye suruali. Lita 5 zilinywewa na mchanga kabla sijamaliza kujivua mikanda.

Mjomba alikuwa ameshavuka. Alirudi, akanishika mkono, akauliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Akalitazama lile doa la maji likififia.

"Haya, mpwa wangu. Tukae."

Ulikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani Lindi nasubiri chuo, na nilikuwa nimesoma kwamba mwaka ule ilitimia miaka 100 tangu wataalamu wa makumbusho ya Berlin waanze kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru. Kilima chenyewe kiko kaskazini magharibi ya mji wetu, na mimi niliyezaliwa Lindi sikuwahi kukiona. Nikamsumbua mjomba mpaka akakubali kunipeleka. Alipokubali, nyumbani hakuna aliyepinga. Kwa mila zetu Wamwera, mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, limekwisha.

Yeye alipitia JKT ujanani, na alibeba shanta la turubai la aina aliyozoea kambini, limepauka, mikanda yake imeshonwa upya kwa uzi wa nailoni. Mimi nilibeba begi la mtumba nililonunua sokoni, kubwa kuliko lake, lenye mifuko kila upande na mkanda mpana wa kiunoni ambao sikujua kazi yake, nikauacha unaning'inia. Nilikuwa nimelipanga usiku kama mtu anavyojaza gunia: kilichokuwa karibu kilitangulia. Chini kabisa sufuria na mfuniko wake, unga wa muhogo kilo 3, dagaa, viatu vya akiba. Juu yake nguo. Juu ya nguo blanketi zito la mama. Dumu halikuenea, nikalifunga kwa kamba nje, upande wa nyuma kabisa.

Tangu gari lilipotushusha kijiji cha mwisho, kila hatua dumu lilinipiga kiunoni na kunivuta nyuma. Ili nisianguke niliinama mbele, na kwa kuinama mikanda ilinikata mabegani. Sufuria na mfuniko viligongana njia nzima. Mara mbili mjomba aligeuka akatazama, akaendelea. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunikataza mapema. Alisema alidhani ningesimama mwenyewe baada ya mwendo wa saa moja, na kwamba alikosea kusubiri.

Tulipokuwa tumekaa, walitokea wanawake wawili kutoka upande wa chini wa korongo. Walikuwa wamechimba kisima mchangani, wamechota, na kila mmoja alikuwa na ndoo ya lita 20 kichwani, juu ya ngata ya kitenge, ndani ya ndoo majani mabichi ya kuzuia maji yasicheze. Wakatusalimu, wakatuelekeza kisima kilipo, wakaanza kupanda ule ukingo ulioniangusha mimi. Walipanda polepole, shingo zimenyooka, bila kushika ndoo.

"Unawaona?" mjomba aliniuliza. "Wale wamebeba kilo 20 kila mmoja, na wewe hata 15 hazifiki. Lakini mzigo wao umekaa juu ya mfupa. Wako ulikuwa umening'inia nje ya mwili wako, na kila kinachoning'inia huvuta."

Akatandika kanga chini ya mti akaniambia nimwage kila kitu. Nilimwaga. Nilishangaa ulivyo mwingi. Akaanza kutenga, na kwa kila kitu aliniuliza swali moja tu: hiki utakihitaji saa ngapi? Blanketi? Usiku. Basi likae chini kabisa, tena kwa kuwa ni laini litalala vizuri chini ya mgongo. Nguo za kulalia pamoja nalo. Viatu vya akiba aliviangalia kwa muda, kisha akavivingirisha kwenye mfuko wa rambo (wakati ule mifuko hiyo ilikuwa haijapigwa marufuku) na kuniambia tutaviacha nyumba ya kwanza tutakayoikuta na kuvichukua wakati wa kurudi. Ndivyo tulivyofanya.

Vitu vizito, unga na maji, vilikaa katikati ya begi, vimegusa mgongo wangu, usawa wa mabega kushuka kidogo. Hapo ndipo alipokawia. Alichukua sufuria, akatia dagaa, chumvi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni na soksi mbili, akafunika, akaifunga kwa kitambaa. Hakuacha tundu. Palipobaki nafasi kati ya unga na ukuta wa begi alisukumia shati au taulo, mpaka begi zima likawa kitu kimoja. Mafuta ya taa alikataa yasikae karibu na chakula, akayahamishia mfuko wa nje wa shanta lake. Juu kabisa aliweka turubai, korosho za kutafuna njiani, tochi, na shati langu la mikono mirefu.

"Shati la nini juu?" niliuliza.

"Mbele kuna upupu."

Kisha maji. Yeye hakubeba dumu. Alikuwa na chupa nne za lita moja na nusu, mbili zimejaa na mbili tupu, na hapo ndipo nilipoelewa zile tupu zilikuwa za nini. Tulizijaza kisimani. Ikipasuka moja, tatu zinabaki, na kila unapokunywa unaweza kuhamisha uzito, chupa ya kulia kisha ya kushoto, begi lisiegemee.

Aliponivisha hakuanza na mabega. Alianza na ule mkanda wa kiunoni, akaubana juu ya mifupa ya nyonga, akaweka kanga iliyokunjwa pale ulipogusa, ndipo akavuta ya mabegani. Nikasimama. Uzito ulikuwa uleule kasoro viatu na maji yaliyomwagika, lakini ulikuwa umehama. Ulishuka miguuni. Niliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliona njia badala ya vidole vyangu.

Upupu tuliukuta alasiri, umekauka, maganda yake yanang'aa kwenye nyasi pande zote mbili. Nilifungua begi nikiwa nimesimama, nikavuta shati, nikavaa. Sikulazimika kutoa hata kitu kimoja kingine.

Jioni ile kwenye moto mjomba alizungumza juu ya wapagazi. Alizisikia habari zao kwa bibi yake, naye kwa wakubwa zake. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, na hapakuwa na reli wala gari. Ni vichwa na mabega ya watu, safari ya siku 4. Mifupa ilikuwa mawe, na ilikuwa inavunjika. Ilifungwa kwa plasta na udongo, ikazungushiwa mianzi, mfupa mkubwa ukaning'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Jina la Boheti limebaki. Ya mamia waliobeba sisi hatunayo, na jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu yule dinosaria ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, alifika baharini kipande kwa kipande kwa ufundi wa watu waliojua mzigo ukae wapi mwilini.

Kilima tulikifika kesho yake. Si kirefu. Mashimo yamefunikwa na miti, na bila mwenyeji aliyetuongoza tungepita. Niliweka begi chini, nikazunguka hadi jua likawa kali, na sikuokota kitu. Mjomba alikuwa ameshanionya kwamba vya pale havibebwi.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi aliniambia nipange mabegi yote mawili. Akaenda kulala bila kuangalia. Nilipanga kwa mwanga wa tochi, nikafumua, nikapanga tena. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, alilinyanyua begi langu kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na sikio, akalitikisa. Akalitikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Halilii," alisema.

Akalivaa yeye, akafunga mkanda wa kiunoni kwanza, akanionyesha shanta lake kwa kidevu, na kutangulia njiani.