Nakala 300 za Hadithi za Kesho: Nilivyochapa na Kuuza Mkusanyiko Wangu wa Kwanza Dar

Mnunuzi wa Dar akishika kitabu kilichoandikwa "Hadithi za Kisayansi", swali lake la kwanza ni hili: "Kaka, hiki cha kidato cha ngapi?" Sayansi kwetu ni maabara, mchepuo na mtihani wa NECTA. Muuza duka naye hukipanga kando ya Fizikia na Kemia, rafu ambayo msomaji wa riwaya haisogelei. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mchapaji nilikaa na maneno ya jaladani. Mbele niliacha "hadithi" peke yake, na chini ya jina la kitabu nikaandika mstari mmoja wa mambo yanayoonekana: Kigamboni iliyomezwa na maji, roboti muuza kahawa, binti anayesubiri ujumbe kutoka Mirihi. "Hadithi za kisayansi" niliipeleka nyuma ya jalada, kwa wale wanaozijua na kuzitafuta. Mjadala wa kama tuseme bunilizi za kisayansi au sayansi bunifu ni mtamu, lakini mahali pake ni kongamanoni. Kwenye meza ya vitabu hauuzi.

Muswada ulikuwa na hadithi kumi, jumla maneno 45,000 hivi. Hadithi ya kwanza niliichagua fupi, isiyozidi maneno 2,500, na mandhari yake ni mitaa inayojulikana, kwa sababu mnunuzi aliyesimama husoma ukurasa wa kwanza tu. Yenye istilahi nyingi niliisogeza hadi ya sita, msomaji akiwa ameshazoea.

Uhariri wa hadithi za aina hii una mitego ambayo mhariri wa riwaya za mapenzi hakutani nayo, na hapa sikubana muda. Mtego wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. "Roboti ilisimama" na "roboti alisimama" si sentensi moja. Ya kwanza ni mashine, ya pili ni mhusika. Kama hadithi inamtoa roboti kwenye uchuma na kumwingiza kwenye utu, Kiswahili kinakupa badiliko hilo bure, kwa herufi moja. Mhariri asiyeambiwa atasawazisha zote ziwe "i-" au zote "a-", akaua hadithi kwa nia njema. Niliandika ukurasa mmoja wa maamuzi nikaubandika mbele ya muswada: roboti anabadilika ukurasa gani, sayari zinaitwaje (Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali), na kwamba kati ya majina matatu ya AI, yaani akili bandia, akili mnemba na akili unde, nimeshika moja mwanzo hadi mwisho.

Mtego wa pili ni saa. Saa yetu huhesabiwa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja asubuhi iko karibu. Sasa mpeleke mhusika kwenye kituo cha anga kinachozunguka Dunia kwa takriban dakika 90. Jua linamchomozea karibu mara 16 kwa siku, na "saa moja asubuhi" haina pa kushika. Mirihi nako siku ni saa 24 na dakika 39 na ushei. Niliamua kituo kifuate saa za Dar na wahusika walitanie jambo hilo. Kule Mirihi saa zinahesabiwa tangu macheo ya huko, na zile dakika 39 za ziada zina jina lake. Usipoamua mapema, wasomaji watakuamulia, tena hadharani.

Tatu, mpe muswada mwalimu wa fizikia, hata wa sekondari. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Mirihi, kutegemea sayari hizi mbili zimekaaje. Maana yake swali na jibu lake ni dakika 6 hadi 44. Ukiandika mazungumzo ya papo kwa papo umeanguka. Lakini fikiria salamu zetu: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, wazee je. Salamu kamili na Mirihi inaweza kula siku nzima, na hapo hadithi imejileta yenyewe.

Vibali havikunisumbua sana. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nyingi za hapa huanza na 978-9976 au 978-9987. Iombe jalada likiwa bado halijakamilika, maana namba inaingia ukurasa wa hakimiliki na kwenye msimbopau. Toleo la kielektroniki lina namba yake, usitumie ile ya karatasi. Kitabu kikitoka, kuna nakala za kuwasilisha maktaba kwa mujibu wa sheria, zitoe kwenye hesabu tangu mwanzo. Hakimiliki, chini ya Sheria Na. 7 ya 1999, huzaliwa kazi inapoandikwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi siku ya ugomvi. Mchoraji wa jalada naye ana haki zake, kwa hiyo tuliandikiana ukurasa mmoja: mchoro utumike kwenye kitabu, mabango na fulana, na jina lake litajwe. Na kabla ya kuchapa chochote, soma masharti ya tuzo za uandishi, kama ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere. Kuna tuzo zinazotaka muswada ambao haujachapwa, na ukishachapa huwezi kuufuta wino.

Sasa kiwandani. Nilichagua A5, yaani milimita 148 kwa 210, karatasi ya gramu 80, jalada la gramu 300 lenye laminesheni (utando mwembamba wa plastiki), kubandikwa kwa gundi ya moto. Maneno 45,000 kwa wastani wa maneno 275 kwa ukurasa yalitoa kurasa 164. Nikaongeza 8 za mwanzo na 4 za mwisho kupata 176, yaani mafungu 11 ya kurasa 16. Mashine kubwa huchapa kwa mafungu, na ukipeleka kurasa 178 utalipia karatasi inayokwenda taka. Mgongo wa kitabu ni idadi ya karatasi mara unene: karatasi 88 mara milimita 0.1 ni 8.8. Jalada lote basi ni 148 + 8.8 + 148, na ziada ya milimita 3 kila upande itakayokatwa: 310.8 kwa 216. Usiamini hesabu peke yake. Mwambie mchapaji akufungie kitabu kitupu kwa karatasi ileile, upime kwa rula, kwa sababu gramu 80 za kampuni mbili hazilingani unene.

Kabla ya hapo, mpangilio wa kurasa. Programu inayodhani muswada wako ni wa Kiingereza hukata maneno vibaya mwisho wa mstari. Silabi zetu nyingi huishia na irabu: ni cho-mbo, si chom-bo, ni mwa-nga, si mwan-ga. Ukizima ukataji kabisa, maneno marefu kama "hawakuyasikiliza" yanaacha mianya myeupe katikati ya mistari kama meno yaliyong'oka. Niliweka lugha ya faili kuwa Kiswahili, nikazima ukataji wa mashine, na mistari mibaya nikaikata mwenyewe kwa mkono. Ilichukua jioni nne. Angalia pia alama ya ng': iliyopigwa kwenye simu na iliyopigwa kwenye kompyuta huwa hazifanani, zibadilishe zote kwa mkupuo. Ukingo wa ndani, upande wa gundi, usipungue milimita 20.

Jalada la anga za juu ndilo linaloumiza wengi. Buluu inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino. Ikigeuzwa kuwa rangi nne za uchapaji inatoka kama jinzi iliyofuliwa. Fanya kazi kwenye rangi za uchapaji tangu siku ya kwanza, picha ziwe nukta 300 kwa inchi. Weusi wa wino mweusi pekee hutoka kijivu, ongeza buluu kidogo, asilimia 40 hivi. Lakini maandishi meupe madogo juu ya weusi wa wino mwingi hujaa ukungu, maana pleti, yale mabamba ya kuchapia, zikiteleza hata kidogo herufi zinaziba. Jina la mwandishi lisiwe jembamba. Na laminesheni isiyong'aa juu ya jalada jeusi huonyesha kila kidole na kufanya mpasuko mweupe kwenye kunjo la mgongo, kwa hiyo mwambie mchapaji abonyeze mstari wa kukunjia kabla ya kukunja. Msimbopau uwe mweusi juu ya weupe. Wa rangi nyekundu, vifaa vingi vya kusomea havioni kitu, kwa kuwa mwanga wao ni mwekundu.

Kosa lililonigharimu lilikuwa dogo: pruufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, niliiona kwenye simu tu. Ukurasa wa kushoto uliangukia kulia, hadithi tatu zikaanzia upande usiotakiwa. Dai pruufu ya karatasi, iliyofungwa, utie saini juu yake. Kurudia kazi kwa kosa lako unalipa wewe, kwa kosa la mchapaji analipa yeye, na saini hiyo ndiyo itakayoamua. Chukua risiti ya EFD.

Idadi na bei. Mashine ya dijitali inafaa nakala 50 hadi 300. Ile ya pleti huanza kuwa nafuu ukikaribia 500 na kuendelea, kwa sababu pleti ni gharama ileile kwa nakala moja au elfu. Mkusanyiko wa kwanza usiende elfu. Chukulia nakala 300 kwa shilingi 6,000 kila moja: 1,800,000. Mhariri na mchoraji tuseme 600,000. Nakala 25 zimekwenda maktaba, kwa wahakiki na watangazaji, kwa hiyo unazouza ni 275, na kila moja imekugharimu 8,727. Bei ya jaladani ikiwa 10,000 na duka likakata asilimia 35, unapokea 6,500, yaani unalipa watu wakusome. Kwa 15,000 duka linakupa 9,750, unabaki na elfu moja na kidogo. Nakala hiyohiyo ukiiuza kwa mkono wako inakuachia 6,273. Tofauti hiyo ndiyo iliyopanga utangazaji wangu wote: duka ni la kuonekana, mkono ndio wa kula.

Madukani utaweka mali kauli, nao watalipa kikiuzika. Peleka nakala tano, si hamsini, na karatasi ya makabidhiano yenye tarehe, idadi, asilimia na siku ya hesabu. Pita kila mwezi. Usipopita, hakuna atakayekupigia.

Kwa kuuza mkononi, chombo kikuu ni WhatsApp, ila orodha ya matangazo inabeba watu 256 na ujumbe humfikia aliyehifadhi namba yako tu. Kwa hiyo kila mnunuzi nilimwomba aihifadhi pale pale, nikimwahidi hadithi moja ya sauti. Sauti iwe dakika nne hadi sita, ikatike kwenye kilele, kisha Lipa Namba na bei. Hadithi nzima kwa PDF sitoi, ikiingia kundi moja la kazini imefika Mwanza kabla ya jioni. Badala yake tuma kurasa kama picha, hadithi moja tu, jina la kitabu likiwa chini ya kila ukurasa.

Redio hupenda mgeni asiyehangaisha. Nilipeleka maswali manane yaliyoandikwa na aya ya kusoma ya dakika moja, na mtangazaji akayatumia yote. Swali bora halikuwa la kitabu: je, roboti akikosea, anashtakiwa nani? Simu zilipigwa mpaka kipindi kikaisha.

Uzinduzi wa ukumbi, mgeni rasmi na viti vya vitambaa una maana kama una ukoo wa harambee. Mimi nilifanya usomaji wa saa moja na nusu, Jumapili saa kumi jioni. Ijumaa ni foleni, Jumamosi ni harusi na vikao vya harusi. Soma Book Café kule Mikocheni na Nafasi Art Space ni mahali ambapo watu wa fasihi na sanaa wamezoea kukutana. Tarehe iangukie baada ya mshahara. Januari iache kabisa, ni mwezi wa ada. Julai ndiyo yenyewe: tarehe 7 ni Sabasaba na pia Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, vyombo vya habari vinatafuta mtu wa kuongea Kiswahili na wewe unalo la kuonyesha.

Shule ni mlango unaovutia, ila vitabu vya ziada hutathminiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Usimwambie mwalimu kimeidhinishwa kama hakijaidhinishwa. Klabu ya wanafunzi inaweza kukualika bila hayo, na ukifika nenda na nakala kumi, watasoma kwa zamu.

Mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Mbezi Luis. Nakala mbili kwa bahasha ngumu, mfuko wa plastiki ndani, jina na simu pande zote mbili, kisha namtumia mpokeaji picha ya risiti ya mzigo yenye namba ya basi. Gharama ya kutuma nakala moja ni karibu sawa na ya nakala nne, kwa hiyo wanunuzi wa mji mmoja niliwaunganisha, mmoja akapokea kwa niaba ya wenzake na kupata yake kwa punguzo.

Nakala zilizobaki ziwe mbali na ukuta na juu ya ubao. Masika ya Dar hukunja majalada ndani ya wiki mbili, na mchwa hupanda kupitia boksi lililogusa sakafu. Boksi zilale bapa, zisizidi nne kwenda juu, na kila mwezi fungua lile la chini kabisa.