Kichupa cha Pili

Mwaka 2002, nilipokuwa na umri wa miaka 16, nilimbebea muuguzi wa kituo chetu cha afya kasha la chanjo hadi kijiji cha juu, katika miteremko ya milima ya Rwenzori, wilayani Kasese, Uganda. Pikipiki ya kituo haikuwa na mafuta wiki ile, na hata ingekuwa nayo isingefika, kwa kuwa njia ile ilipitika kwa miguu tu. Sista, kama tulivyomwita sote, alitoka Soroti, mashariki mwa nchi, na hakukijua Kikonzo, lugha ya kwetu. Alinichukua kwa sababu nyumbani tulizungumza Kiswahili, ambacho baba alikipata alipokuwa mfanyakazi wa migodi ya shaba ya Kilembe.

Kituo chetu kilikuwa cha daraja la pili, ngazi inayoongozwa na muuguzi bila daktari. Daktari alikuwa katika kituo cha daraja la nne, mbali mno kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Tulifika saa nne, tukakaa chini ya mparachichi. Sista alinionyesha alama kwenye kichupa cha matone ya polio, mraba mdogo ndani ya duara, akanieleza kwamba mraba ukiwa mweupe kuliko duara dawa ni nzima, lakini ukishafanana nalo rangi, joto limekwisha kuiharibu. Chanjo ya surua ilikuwa unga. Ukishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya muda wa saa 6, na kila kichupa kilikuwa na dozi 10. Watoto waliokuja walikuwa watatu.

"Sista, si bora kungoja mwezi ujao wajae?" akauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee wangu, hawa wamekuja leo. Nikiwarudisha, mama zao hawatapanda tena njia hii kwa ajili yangu."

Akachanganya dawa.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alifungua fundo la leso na kutoa sarafu, akazihesabu kiganjani. Serikali ilikuwa imefuta ada katika vituo vyake tangu Machi 2001, lakini yeye hakuwa amesikia, na nilipomtafsiria aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Sista aliukunja mkono wa bibi juu ya sarafu zake. "Kanunue sabuni, mama." Uamuzi ule wa 2001 ulistahili sifa zote ulizopata, hata hivyo, naamini kwamba kwa bibi yule ada ilifutwa pale chini ya mparachichi, na aliyeifuta ni muuguzi.

Kufikia saa kumi walikuwa wamechanjwa sita. Sista alikitenga kichupa kile na dozi zake 4, akaziandika katika rejesta, tukaanza kushuka huku mawingu yakitanda.

Hatukuwa tumefika mtoni tuliposikia mtu akituita. Mama mmoja alikuwa akiteremka mbio, miguu imejaa matope ya shambani, mtoto wa mwaka mmoja hivi amefungwa mgongoni. Nilimkumbusha Sista kwamba kichupa muda wake umekwisha, nikidhani atamwambia mama yule asubiri kituoni kesho.

"Weka kasha chini, mwanangu," akasema, "kimebaki kimoja kizima."

Alipiga magoti kwenye majani, akachanganya dozi 10 kwa ajili ya mtoto mmoja, nami nikamshika mtoto mkono.