Rubai kwa sikio lililolelewa na tarbia

Mtu aliyezoea tarbia za Kiswahili hudhani kwamba rubai ya Kiajemi anaijua tayari, kwa kuwa zote mbili zina mishororo minne, na mimi nilipoazimia kumwiga Omar Khayyam, mshairi wa Kiajemi anayejulikana kwa rubai, niliona kwamba kufanana huko ndiko kunakoleta taabu.

Nilianza na tafsiri ya Shaaban Robert, ambaye alimfasiri Khayyam kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald. Kisha nikaisoma ya FitzGerald mwenyewe, toleo la 1859 lenye beti 75, sambamba na tafsiri ya nathari ya Edward Heron-Allen ya 1898, ambayo haina mapambo lakini inakaa karibu zaidi na maneno ya Kiajemi. FitzGerald alizipanga beti zikawa kama mwendo wa siku moja, tangu alfajiri hadi mwezi unapochomoza, ilhali katika Kiajemi kila rubai hujitegemea. Nilipolielewa hilo niliacha kuzisoma kwa mfululizo; nilisoma ubeti mmoja, nikafunga kitabu.

Ugumu hasa ulikuwa wa vina. Katika tarbia zetu mishororo mitatu ya kwanza hushikana kwa kina kimoja, na kituo, yaani mshororo wa mwisho, mara nyingi ndicho kinachotoka na kina chake. Katika rubai, kwa kawaida, unaoachwa huru ni mshororo wa tatu. Khayyam huutumia uhuru huo kwa ujanja mkubwa: mishororo miwili hueleza jambo, wa tatu huligeuza na kumweka msomaji roho juu, kisha wa nne hurudi kwenye kina kilekile ukiwa na hukumu. Sikio langu lilitaka kufungulia mwishoni, si kabla ya mwisho, kwa hiyo nikabuni utaratibu wa kuandika mshororo wa nne kwanza, kufuatisha wa kwanza na wa pili, na kuuacha wa tatu hadi mwisho kabisa.

Mvinyo niliuacha, maana kila nilipouingiza ulionekana wa kuazima. Nikachukua udongo wa mfinyanzi, ambao Khayyam huutazama akifikiri kwamba huenda zamani ulikuwa mwili wa mfalme au wa mpenzi:

Mtungi huu wa maji, ulofinyangwa udongo,
Jana ulikuwa mtu, mwenye mapenzi, maringo;
Ewe mwenye kuubeba, nenda nao taratibu,
Kesho nawe u mtungi, mtu akushike shingo.

Mizani ni yetu, nane kwa nane. Vina vya kati nilivitupa kwa makusudi, ingawa najua wanamapokeo, wanaoshikilia kanuni za jadi za ushairi, watanisuta, kwa sababu vilipokuwapo vilifunga kila kipande na kuuziba ule mwanya wa mshororo wa tatu.