Siku yangu Moshi: nesi wa nyumbani na mpira wa tumboni

Saa 12 asubuhi. Kibo kiko wazi, nami niko kwenye bodaboda naelekea Rau kwa Babu, mwalimu mstaafu. Ana ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ulianzia mikononi, ukaja kwenye sauti, kisha koo. Akili yake iko palepale: akiikazia macho saa ya ukutani, ujue umechelewa.

Saa 1. "Shikamoo Babu." Anaitikia kwa kope. Namwinua akae karibu wima, maana ukimlisha amelala, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Naosha ngozi kuzunguka kitundu cha tumboni, unapopita mpira wa kumlishia, kwa maji na sabuni, nakausha, nauzungusha mpira kidogo, naangalia alama kama haujasogea. Maji mililita 30 kwanza, kisha uji wa maziwa kwa bomba kubwa la sindano. Sisukumi, nainua bomba, uji ushuke wenyewe. Mwisho maji tena. Hayo ya mwisho ndiyo ndugu huyasahau, halafu wanapiga simu usiku mpira umeziba.

Saa 3. Dawa. Kila moja peke yake, na maji katikati. Si kila kidonge kinasagwa. Vile vya kuyeyuka polepole ukivisaga, dawa yote inamwagika mwilini kwa mara moja. Ninauliza duka la dawa kabla.

Saa 5. Jikoni na Bibi, na hapa ndipo penye kazi. Bibi hataki kusikia kwamba mumewe ataishi kwa maziwa ya kopo tu, na bei yake nayo haisemeki. Kwa hiyo leo ni mtori: ndizi na nyama vimeiva mpaka vimelainika, vinapigwa blenda, vinachujwa mara mbili. Tatizo ni kwamba ukiongeza maji upite kwenye mpira, shibe inapungua. Wagonjwa hawa wengi mwili unachoma nguvu nyingi hata wakiwa wametulia, na wakikonda, misuli ndiyo inayoondoka. Afisa lishe alitupimia mafuta na maziwa ya kuongeza. Tunampima uzito kila wiki, sura hudanganya.

Umeme ukakatika chujio likiwa mkononi. Kopo likafunguliwa, Bibi akanuna.

Saa 10. Majengo, kwa Mama mmoja mwenye ugonjwa huohuo. Bado anakula kwa mdomo, ila sahani moja inachukua saa nzima na kikohozi juu. Wanawe wanasema mpira ni wa mtu wa kufa. Hilo hunikera, kwa sababu kusubiri ndiko kunakoongeza hatari: madaktari hupendelea kuuweka kabla nguvu ya mapafu haijashuka chini ya nusu ya kawaida. Ugonjwa hauponi kwa mpira, sikuwaficha. Ila njaa na kiu vinazuilika.

Kaka mkubwa alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza: "Na chai yake je?"

Nikamwambia, maadamu mtaalamu wa kumeza ameona ni salama, atakunywa. Mpira haufungi mdomo. Mama akacheka, akakohoa, akaashiria kikombe chake. Wiki ijayo wanampeleka kupimwa pumzi.