Shikamoo ya bwawani

Leo asubuhi Mama Nasra ameloweka kanzu zangu kwenye beseni la uani na kuzimiminia Jik. Mimi nilikuwa sebuleni na chai yangu, sina habari. Harufu ilipopenya dirishani nikajikuta nimebana mapaja, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa chooni. Miaka zaidi ya 10, na mwili bado unakumbuka.

"Una nini?" akaniuliza.

"Sina kitu."

Lakini ninacho.

Ilikuwa Marseille, Februari 2014, ule mwaka wa mgongo. Daktari alishakataa kuniongezea vidonge; akaandika neno moja tu kwenye karatasi: kuogelea. Nikacheka moyoni. Mimi mtoto wa Forodhani, niliyekuwa nikijirusha kutoka ukutani maji yakijaa, bukta ya skuli na kifua wazi, leo niandikiwe kuogelea kama dawa? Bahari ya Marseille nayo ipo, ya bure, na hakuna anayekuuliza umevaa nini. Ila Februari, na ule upepo wao wa mistral, bahari ile ni ya kutazama ukiwa ndani ya koti. Nikaenda bwawa la manispaa.

Nilichukua bukta yangu ya bluu, inayofika magotini. Niliichagua kwa makusudi. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa, bakora ikiwa karibu, kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Nimeshavunja mengi maishani, lakini hilo nilikuwa sijalivunja hadharani.

Nikaoga kwa sabuni kama kibao kilivyoamuru. Nikapita kwenye kidimbwi cha kukoshea miguu, nikafurahi kweli, maana kilinikumbusha mlango wa msikiti wa kwetu. Hawa watu wa twahara, nikasema. Hatua tatu mbele, filimbi ikalia.

Mlinzi wa bwawa alikuwa kijana mpole. Alinyoosha kidole kwenye bukta yangu, kisha ukutani, palipobandikwa picha mbili: bukta iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na kijichupi kimepewa alama ya kijani. Kisha akanitazama kichwani. Kofia yako ya kuogelea iko wapi? Nikapapasa kipara changu, nikamwonyesha kwamba hapana hata unywele mmoja wa kuangukia majini. Akasema kanuni ni ya vichwa vyote.

Alinieleza kama mwalimu. Bukta mtu huivaa mjini, huikalia kwenye basi na kwenye mchanga, mifukoni huweka vumbi na karatasi alizopengea kamasi, kisha huingia nayo majini. Chupi ya kuogelea hakuna anayetembea nayo barabarani, na ikibana mwili haibebi uchafu wa nje. Nikamwambia yangu ni safi, nimeitoa kwenye sanduku. Akasema kila mtu husema hivyo. Akaongeza kwamba hii harufu inayowasha macho watu hudhani ni klorini nyingi, kumbe ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo wenu. Alisema "wenu". Nililisikia.

(Baadaye nilijua kwamba si sheria moja ya Ufaransa nzima. Kila bwawa lina kanuni zake ukutani, ila kanuni zenyewe zinafanana kama mapacha.)

Karibu na mlango palikuwa na mashine. Si ya soda wala biskuti. Ya chupi. Nikatia yuro 12, ikaniangushia nyeusi, ndogo kuliko kiganja cha Mama Nasra. Yuro nyingine kadhaa, kofia ya mpira.

Sasa hapa ndipo palipo na kumbukumbu yenyewe.

Kutoka kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo hadi majini ni hatua kama 20. Taulo nilikuwa nimelifungia kabatini, kwa ujinga wa mgeni. Nikatoka. Kofia imenikaza mpaka nyusi zimepanda. Mapaja yangu, ambayo jua halikuwahi kuyaona tangu nilipobaleghe, yamekaa wazi mbele ya mabibi wa Kifaransa wanaofanya mazoezi ya viungo. Mikono sijui niiweke wapi: nikiishusha mbele naonekana ninaficha, nikiiacha pembeni naonekana ninajionyesha. Hakuna aliyenitazama. Hilo nalo liliniudhi kidogo.

Hatua ya 12 hivi, mtu akatoka majini kwa ngazi, mbele yangu kabisa. Maji yanamchuruzika ndevu nyeupe. Chupi nyekundu. Kofia ya mpira, miwani ya kuogelea kipajini. Akaniangalia, nami nikamwangalia, na sote wawili tukajuana kwa wakati mmoja.

Alikuwa ni Mzee. Yule Mngazija aliyekuwa akituswalisha taraweh, mwenye Kiswahili cha zamani alichokipata Unguja alipokuwa kijana. Sikuwahi kumwona bila kanzu. Sikuwahi hata kudhani kwamba ndani ya kanzu ile kulikuwa na magoti.

Ulimi ukanitangulia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikainama kidogo, kama inavyopasa. Chupi ikabana. Yeye akasimama vilevile anavyosimama mlangoni mwa msikiti, akaanza kuuliza moja baada ya moja: mama hajambo? Nyumbani hawajambo? Mgongo je? Nikamjibu yote. Nilikuwa najaribu kumtazama usoni tu, na nadhani naye alikuwa anafanya kazi hiyohiyo. Salamu zilipokwisha sikuweza kujizuia.

"Mzee, na hili vazi... dini inasemaje?"

Akaitazama chupi yangu, akaitazama yake. Akashusha miwani machoni.

"Maji yanasitiri," akasema, akarudi majini.

Nikamfuata. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba nilihesabu vigae vya chini.

Ijumaa yake tulikutana msikitini, yeye na kanzu yake, kofia yake ya kushonwa, udi unanukia. Akanipa mkono. "Mgongo?" "Unaendelea, alhamdulillah." Basi. Tuliogelea pamoja kila Jumanne mpaka nikaondoka, na hatukulitaja tena, ila alinifundisha kitu kimoja: taulo lije nawe mpaka ukingoni.

Mwaka 2022 niliposikia mji wa Grenoble, hukohuko Ufaransa, wameruhusu burkini, lile vazi la kuogelea la kike linalositiri mwili, mabwawani mwezi wa Mei, na Juni mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikakataa, nilisoma kila nilichokipata. Wote walizungumzia wanawake. Mimi nikawa namfikiria Mzee ngazini. Hakuna aliyetuuliza sisi, nasi labda tusingejibu.

Mgongo ulipona. Chupi ipo, juu ya kabati, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye gazeti. Mama Nasra hajaiona. Sasa hivi ananiita nikamsaidie kuanika kanzu, na anataka kujua ninacheka nini.