Ada ya klabu ya kambi: nilipe au niache?

Leo asubuhi jirani kapita getini akaona hema limeanikwa uani kwenye kamba mbili, akasimama, akaita kwa sauti ya chini kabisa, "Jirani, kwema humo? Mmepatwa na msiba?" Nikatoka mbio na mikono ina povu nikamwambia kwema jirani, tumerudi jana kutoka kambini Mikumi, naanika lisije likashika ukungu. Akashusha pumzi. Simlaumu hata kidogo, huku kwetu Tabata turubai likionekana uani watu wanaanza kuulizana mazishi lini na michango anapokea nani.

Mama naye nilivyompigia siku ile tunajiandaa aliniuliza hivohivo kwa namna yake, mwanangu sisi kulala nje tunalala matangani, nyie mnatoa hela mkalale chini kwa kosa gani? Sikuwa na jibu. Na ndo maana naandika hapa leo, kwa sababu wamenipa mpaka mwisho wa mwezi niseme kama naingia kwenye hii klabu ya kwenda kupiga kambi mbugani au siingii, maana mgeni anaruhusiwa safari moja tu, ya pili lazima uwe mwanachama.

Hela yenyewe ni hivi. Kiingilio 150,000, ada ya mwaka kwa familia 240,000, jumla mwaka wa kwanza 390,000. Safari zinakuwa nne kwa mwaka na kila safari mnachangia chakula, mafuta kila mtu na gari lake, na ada za hifadhi unalipa mwenyewe kwa kontroli namba. Safari hii mafuta ya RAV4 yetu, kwenda na kurudi pamoja na kuzungukazunguka mbugani, yalikula laki mbili na kidogo. Kwahiyo ada ya klabu inakupa nini hasa? Unaazimwa hema, magodoro ya kupuliza, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6, unapangiwa safari, basi.

Mimi nimezoea kikoba. Kikoba unaweka hisa kila wiki, Desemba mnavunja, unaondoka na mgao wako mkononi, hata kama mwaka ulikuwa mbaya chako unakiona. Klabu haina mgao. Hela ikiingia imeingia, na mtu aliyelelewa na vikoba kama mimi hilo linamkaa kooni, nikilifikiria usiku nageuka upande wa pili.

Nikasema ngoja nione wenzetu wanafanyaje, nikakesha siku mbili na video za Waingereza na makaravani yao, zile nyumba ndogo za magurudumu wanazovuta nyuma ya gari. (Mimi neno karavani lilikuwa linanikumbusha Bagamoyo tu, lile jengo la Caravan Serai tulilopelekwa na shule, walipokuwa wanapumzika wapagazi wakitoka bara.) Wale wana klabu za zamani kweli, moja ilianza 1901, nyingine 1907, na mpaka leo zipo. Ila wao hesabu yao nyepesi. Klabu ina viwanja vyake vya kambi, maji yapo, umeme upo, mwanachama analipa pungufu, na kuna vile vishamba vya kulaza karavani tano tu ambavyo ni vya wanachama peke yao. Kwahiyo mtu anahesabu usiku atakaolala, anazidisha na punguzo, akiona limezidi ada anajiunga. Sisi huku klabu haina kiwanja hata kimoja. Tunalala ndani ya hifadhi kama mtu mwingine yeyote. Kwa hesabu ya Waingereza jibu lingekuwa hapana, na ningelala usingizi wangu.

Sasa niwaambie kilichotokea Mikumi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya Kimara, magari saba, Chalinze tukanywa supu na chapati, Msamvu tukajaza mafuta, tukanyoosha. Ukishapita Doma na yale matenga ya nyanya kando ya barabara, haipiti muda unaingia kwenye hifadhi, na barabara kuu inapita katikati yake kabisa, malori ya Zambia na mabasi ya Mbeya yanapishana na twiga. Watoto wangu walinyamaza, na hawa wawili hawanyamazagi. Ule ubao wa faini za kugonga wanyama mdogo aliusoma wote kwa sauti.

Kabla ya kuingia getini akashuka mzee mmoja, wote wanamwita Babu, dereva mstaafu wa malori ya njia hiyohiyo. Akapita gari kwa gari akichungulia dirishani na swali moja tu: "Machungwa yapo?" Mi nilikuwa nayo kama ishirini, nimeyabeba kutoka nyumbani kwenye mfuko wa neti. Akaniambia mama, hayo hayaingii, tembo anaisikia harufu ya chungwa toka mbali na akilitaka haangalii kama limo kwenye hema au kwenye gari. Basi tukakaa pale pembeni ya barabara tukayala yote, wakubwa kwa wadogo, watu tusiojuana, maji yanatiririka mpaka kwenye viwiko, maganda tukayafunga kwenye mfuko tukayaacha nje ya geti. Saa hiyo ndo nilijua majina ya nusu ya klabu.

Kwenye kambi, mimi na baba watoto tulikuwa tumeshaona sehemu nzuri, chini ya mti, kivuli, ardhi tambarare, tumeanza kutandika. Babu akaja akasimama, hakutukataza, akainama akaokota kijiti akavunja bonge la kinyesi cha tembo lililokuwa hatua kama tano kutoka kwetu. Ndani nyuzinyuzi za majani makavu kama za lile godoro la zamani la sufi na makumbi, na katikati bado bichi. Akamwita mtoto wangu mkubwa akamwonyesha, shika, sikia, hiki cha jana usiku. Akamwonyesha na majani yalivyolala, upande mmoja wote, na gome la mti lilivyosuguliwa. "Hii ni njia yao. Sisi ndo wageni." Tukahamisha mahema yote, hatua arobaini hivi, kwenye jua. Baba watoto alinung'unika kimoyomoyo, namjua.

Usiku mida ya saa nane nikashtuka. Matawi yanavunjika, ta! ta!, halafu kimya, halafu sauti nzito ambayo huisikii kwa sikio sana, unaisikia kifuani, kama lori limewashwa mbali. Watoto wote wawili walikuwa macho. Hatukuongea. Mdogo alinishika kidole kimoja tu, akakishika mpaka kikafa ganzi. Sijui ilichukua dakika ngapi. Asubuhi tukaenda pale chini ya mti wetu, nyayo zimepita palepale tulipokuwa tumeanza kutandika, kila moja kama sinia la wali, na udongo umechorwa mistari midogo midogo ya ngozi ya mguu wake.

Tangu hapo nimekuwa sihesabu hema wala jiko. Hema naweza kununua pale Karume kwenye mitumba, wiki mbili tatu ukivizia unapata zuri tu. Jiko ninalo. Pale sikununua kitu, nilipewa jicho la mtu aliyeendesha ile barabara miaka thelathini, na mwanangu amelichukua, jana tunarudi anamwelekeza mdogo wake njia za mifugo nje ya dirisha huku Chalinze.

Lakini sitaki kujidanganya, kuna mambo hayajanikaa vizuri na nayaandika ili nikiwa na hamu nisiyasahau.

Usiku wa pili vijana kadhaa waliwasha muziki na bia mpaka saa saba. Mimi nimetoka Dar, muziki ninao dirishani kila wikiendi bure kabisa, porini nilienda kusikia pori. Niliongea na mwenyekiti asubuhi, akakubali kwamba ni tatizo na si mara ya kwanza. Nilipenda kwamba hakunizunguka, ila tatizo bado lipo.

Halafu tarehe. Safari nne, zote zimeshapangwa, na wikiendi zangu mnazijua, twisheni, misiba, na mpaka Agosti nipo kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu. Nikijitahidi sana nitaenda mbili. Mbili kwa 390,000, usiku mbili kila safari, ni usiku nne, yaani karibu laki moja kwa usiku kabla ya mafuta na chakula. Bagamoyo napata chumba chenye feni na chai ya asubuhi kwa chini ya hapo. Kwa hela peke yake hailipi, na mtu akikwambia klabu itakuokolea gharama muulize anaenda mara ngapi.

Na kuna gharama ambayo haimo kwenye katiba yao, nayo ndo inanitisha kuliko ada. Jioni zote mbili wanaume wamekaa mezani wanaongelea magari. Sijui springi gani, tairi gani, keria ya kupandishia hema juu ya gari. Mmoja ana tela aliyochomelewa na mafundi Gerezani, kitanda ndani, jiko linavutwa kwa nyuma kama droo, karavani yetu wenyewe ya Kibongo, na imetengenezwa vizuri kwa kweli, niliifungua ile droo mara tatu. Baba watoto ambaye wiki iliyopita alikuwa anasema haendi kulala chini, jana njiani ameniuliza RAV4 inaweza kuvuta kilo ngapi. Nikamwangalia. Ada ya laki mbili na arobaini utaijua mwanzo wa mwaka na utaipanga, ila hamu ya kuongeza kifaa kimoja kila ukirudi safari haina risiti na haina mwisho.

Nilijiuliza pia, kama kitu ni yale maarifa, nikishayapata si naweza kutoka? Mwaka mmoja najifunza, mwaka wa pili naenda na dada yangu na shemeji, magari mawili, tunaanza hata na hapa karibu, Pugu, Kigamboni. Nilimuuliza Babu mwenyewe wakati tunakunja mahema. Akaniambia yeye pamoja na yote anayoyajua hajawahi kulala mbugani peke yake tangu astaafu, kwa sababu mtu mmoja hawezi kulala na kukesha kwa wakati mmoja. Kumbe ule usiku nilioshtuka saa nane, yeye alikuwa macho kwenye kiti nje ya gari lake tangu saa sita, wanapokezana wanne kila safari, na hakuna aliyetutangazia sisi wageni. Sisi tumelala, mtu yuko zamu.

Hilo nimelibeba kuanzia Mikumi mpaka Tabata.

Kwahiyo nimeamua hivi. Naingia, kwa mwaka mmoja. Mweka hazina nilimwomba anionyeshe daftari la mapato na matumizi, akanifungulia palepale juu ya boneti bila kuuliza kwanini, kila gunia la mkaa limeandikwa, na kakubali nilipe mara mbili: kiingilio sasa hivi, ada Desemba kikoba tukishavunja. Na baba watoto tumekubaliana, si kwa maneno tu, nimeandika kwenye karatasi ipo mlangoni mwa friji, mwaka mzima gari haliongezwi kitu hata msumari. Septemba ni Saadani, mbuga inayofika mpaka baharini, hiyo hatukosi. Na nikiingia nitaomba muziki uzimwe saa nne, nitaomba kama mwanachama mwenye ada, nione watasemaje.

Kiingilio nimetuma saa sita mchana. Hema limekauka isipokuwa kona moja, na zipu ya mlango inakwama nusu, nitalipitisha kwa fundi cherehani hapo njia panda kabla sijalirudisha.

Jioni hii jirani karudi, safari hii kaingia mpaka uani, kalishikashika hema, kauliza bei, kauliza nyoka, nikamsimulia tembo. Akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Na sisi tusio na gari je? Si kuna treni siku hizi mpaka Morogoro, mtu si anaweza kushuka pale mkampitia?" Ana watoto watatu, wa mwisho darasa moja na wangu. Nimeliangalia lile swali kila upande na sijaona kwanini jibu liwe hapana. Nimeliandika nyuma ya katiba yao, kikao ni Jumamosi.