Vuka fimbo, Mwalimu

Leo ilikuwa Alhamisi yetu. Nimeshuka kwenye bajaji saa kumi na moja kasoro, nimekunywa dawa, nikakaa barazani kuungoja mwili ufunguke. Sasa umefunguka. Nina kama saa mbili hivi kabla vidole havijakaza tena, na nataka niandike habari za wenzangu kabla sijalala.

Ugonjwa wangu ni Parkinson. Niliambiwa nikiwa na miaka 66, lakini nikihesabu vizuri ulianza zamani. Bega la kushoto liliniuma miaka miwili. Mahali pamoja nilichomwa sindano, pengine nikaambiwa ni baridi yabisi, pengine nikapewa dawa ya kuchua. Halafu mkono ule ukaacha kupunga nikitembea. Mume wangu ndiye aliyeona. "Mama, mbona unatembea kama umebana kitu kwapani?" Sikuwa nimebana kitu.

Siku ya kwanza katika hospitali ya KCMC, Moshi, daktari hakuanza na mashine. Alinitazama nikitembea koridoni, akaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha akanipa karatasi na kalamu. "Andika sentensi yoyote, Mwalimu." Nikaandika: Watoto wanacheza mpira uwanjani. Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi katika miaka 34 ya kufundisha darasa la kwanza na la pili! "Watoto" lilitoka vizuri. "Uwanjani" lilikuwa mstari wa sisimizi. Niliona aibu kama mtoto aliyeshindwa imla. Daktari akasema hiyo ni dalili, si uzembe. Akanieleza kwamba kuna chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kwamba zinakufa kidogo kidogo, na mpaka mkono uanze kutetemeka sehemu kubwa inakuwa imeshakwenda. Dawa ya levodopa huingia ubongoni ikageuka kuwa dopamini, ikarudisha mwendo kwa saa kadhaa, lakini haiponyi. Alisema mengi, na kwa upole. Mimi nilirudi nyumbani na neno moja tu, haiponyi.

Nikaanza kujificha. Kila nilipokwenda nilibeba kitenge cha ziada, mkono nikaukunjia humo. Jumapili moja kwenye meza ya Bwana kikombe kile kidogo cha divai kilinimwagikia kwenye blauzi nyeupe. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba siku hizi Mwalimu anaanza na pombe ya mbege asubuhi. Mwingine alikuja mpaka nyumbani, na ninaamini alikuja kwa kunipenda, akanitajia jirani ambaye ati amenitupia kitu. Sikumjibu. Nilikaa miezi minne bila kukanyaga kanisani.

Siku hizo nilimfikiria sana Papa Yohane Paulo wa Pili. Mimi ni Mlutheri, lakini alipokuja Moshi Septemba 1990 nilikwenda kumwona pamoja na walimu wenzangu Wakatoliki. Nakumbuka mkono wake ulivyoinuka kubariki, umetulia. Pasaka ya 2005 nikamwona kwenye televisheni, yuko dirishani kwake, anataka kusema na sauti haitoki. Ugonjwa ulikuwa huu huu wangu. Dunia nzima inamtazama, naye amekuja dirishani. Na mimi nimeshindwa kwenda usharikani kwangu, mwendo wa dakika kumi.

Muuguzi wa kliniki alinidokeza kwamba wako wagonjwa wachache wanaokutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi kwenye ukumbi wa usharika mmoja huku wilayani Hai. Nilimwambia asante, nikakaa miezi saba. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilichelewa, na jibu la kweli sijawahi kulisema. Niliogopa kuwaona walionitangulia. Nilijua humo ndani kutakuwa na mtu anayelishwa, mtu anayedondokwa na mate, mtu asiyeweza kugeuka kitandani. Sikutaka kuiona kesho yangu imekaa kwenye kiti cha plastiki inaninywea chai.

Nilipokwenda, mguu wangu ulikwama mlangoni. Hili ni jambo gumu kumweleza mtu mzima wa afya. Unatembea vizuri, unafika kwenye kizingiti, na nyayo zinagandamana na sakafu kana kwamba zimepigwa misumari. Kichwa kinasema nenda. Magoti yanatetemeka tu palepale. Nyumbani wananivuta mkono, na wakinivuta ndiyo naanguka. Nikasimama pale, watu kumi na kitu wananitazama, jasho linanitoka.

Mzee mmoja akanyanyuka, polepole sana. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, Moshi mpaka Lusaka, miaka mingi. Hakunishika. Alikuja mpaka miguuni pangu, akainama kwa shida, akalaza fimbo yake sakafuni mbele ya vidole vyangu, akasema kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Vuka fimbo, Mwalimu."

Nikaivuka. Mguu uliinuka wenyewe, kama hakuna kilichokuwa kimeushika.

Baadaye nilielezwa sababu yake. Ile njia ya ubongo inayotuendesha bila kufikiri ndiyo imeharibika, lakini jicho likipewa kitu cha kuvuka, au sikio likipewa mdundo, mwili hupita njia nyingine. Ndiyo maana wengine huhesabu moja-mbili kama kwata, na mama mmoja wa Sanya Juu huimba pambio chini kwa chini kila anapovuka barabara. Siku ile lakini sikuwa na haja ya maelezo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Akina mama wawili waliendelea kumenya ndizi.

Nilijifunza mengi siku hiyo. Mzee dereva aliuliza, "Nani hapa bado anasikia harufu?" Mikono miwili tu ikanyoshwa. Nikashtuka. Miaka mitano kabla ya kutetemeka niliacha kusikia harufu ya maua ya kahawa, yale yanayofunguka meupe baada ya mvua na kujaza kihamba kizima, yaani shamba letu la nyumbani. Nilidhani ni uzee, au kwamba miti yetu imechoka. Sikuwahi kumwambia mtu, maana nani humwendea daktari kwa sababu ya maua? Kumbe pua hutangulia, wakati mwingine kwa miaka mingi, na karibu ukumbi mzima ulikuwa na maua yake, au supu yake, au mtoto wake mchanga ambaye hakuweza tena kumnusa.

Halafu habari ya maziwa. Nilikuwa nakunywa kidonge kwa kikombe cha maziwa mgando, nikiamini nakilainishia tumbo. Mama wa Sanya Juu akaweka mkono kifuani. "Yaani unakunywa na maziwa? Dada, unaitupa dawa." Protini ya maziwa, nyama na maharage hugombania na levodopa njia moja ya kuingia mwilini. Kidonge kinataka nusu saa au zaidi kabla ya chakula, kwa maji matupu. Huenda daktari alinieleza, siku ile ya neno moja. Tangu nihamishe mtori wa nyama na kiburu cha ndizi na maharage vikae mbali na saa za dawa, asubuhi zangu zimerudi. Nafunga vifungo vya gauni mwenyewe.

Tumezungumza pia habari ya upupu, huu huu unaowasha. Mbegu zake kweli zina levodopa, na kuna waliokuwa wanazisaga kimyakimya juu ya vidonge vyao. Mmoja alianza kuona watu wasiokuwepo. Sasa tumekubaliana kwamba mwenye kutumia chochote amwambie daktari, hata kama ataona haya, na kama haya zimemzidi, mmoja wetu ataongozana naye.

Jambo lililonikaa zaidi ni utafiti uliofanyika hapa kwetu Hai miaka ya 2000. Walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya yenye watu zaidi ya 160,000, wakapata wagonjwa wa Parkinson 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Niliposikia hivyo nilimkumbuka babu mmoja wa kihamba cha jirani nilipokuwa msichana. Alitetemeka, uso wake haukuwa na kicheko wala hasira, na sisi watoto tulikatazwa kupita kwake. Tulisema ameapizwa. Alikufa peke yake kwenye nyumba ya nyuma. Ningeweza kumpelekea maji. James Parkinson mwenyewe, huko London mwaka 1817, aliandika juu ya watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani wakipita. Angalau yeye alisimama akawatazama.

Sasa kwa nini nimeandika leo. Kiti cha mzee dereva kilikuwa kitupu, mwezi wa tatu sasa. Hawezi tena kupanda gari. Niliyemwogopa miezi saba ndiye yeye, yule aliyenitangulia, na sijui ningefikaje hapa kama asingekuwa mbele yangu. Sauti yake ilipofifia tulijifunza kumngoja. Alikuwa anaweza kuchukua dakika nzima kumaliza sentensi, na ukumbi wote ukanyamaza mpaka aimalize, hata kama alitaka tu sukari. Tulimtembelea wiki iliyopita. Alinishika mkono, mkono wake na wangu vikitetemeka kila kimoja kwa mwendo wake, akaniuliza kama bado nakwama mlangoni. Nikamwambia ndiyo, Mzee, nakwama. Akatikisa kichwa kuelekea kona. Fimbo alinipa, ipo hapa imeegemea ukuta ninapoandika.

Leo mke wake alikuja peke yake, akanivuta pembeni. Usiku hawezi kumgeuza mumewe. Shuka la pamba linamng'ang'ania, naye mgongo umeshaanza kumuuma kwa kumvuta, na saa tisa usiku hana wa kumwita. Nikamwambia siri ambayo nami niliambiwa ukumbini na mwanamke mwenzangu, kwamba atandike kitambaa cha satini katikati ya kitanda, kuanzia mabegani mpaka mapajani, mgonjwa atateleza hata kwa nguvu kidogo, na miguuni aache shuka la kawaida ili nyayo zipate pa kukanyagia. Alinitazama kama nimempa ng'ombe.

Kesho asubuhi, dawa ikishashika, nitashuka Boma Ng'ombe kununua mita mbili, nimpitishie fundi azikunje pindo. Satini ya bluu, kama wanayo. Lori lake la mwisho lilikuwa la bluu.